Punje nyeupe za miti ya babu: tuvundike pamoja au kila mtu kwake?

KatibuBilaPosho

Wakuu, habari za humu. Uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima 41 wa kokoa. Mashamba yetu ni madogo, wengi hatufiki hata hekta moja. Kilichotukutanisha ni miti. Ni ile ya kizamani waliyoipanda mababu, mirefu, mashina yamejikunja na kuota kuvu, matunda yake machache, ganda limekunjamana kama uso wa mtu aliyeuma ndimu. Ukilipasua unakuta punje nyeupe au zambarau hafifu sana, siyo ile zambarau iliyokolea ya miti ya kisasa. Miaka yote tumewauzia walanguzi kwa bei ya kokoa yoyote ile. Mwaka jana akatokea mnunuzi anayetengeneza chokoleti kidogo kidogo kwa mikono yake, akaonja, akasema hii ndiyo "kokoa ya kale" anayoitafuta.

Tukahangaika tukakusanya kilo 600 kavu. Siku ya kupokea mzigo alikuja mwenyewe. Magunia hakuyatazama mara mbili, aliomba kisu kidogo na kifuniko cha ndoo. Akachota punje 50, akazipasua moja moja kwa urefu, akazipanga kumi kumi juu ya kifuniko. Mimi nimesimama nyuma yake. Mstari wa kwanza kahawia safi, ndani zimepasukapasuka kama tope lililokauka. Mstari wa pili kuna nne za kijivu, zimeshikamana, ngumu kama jiwe la kunolea. Wa tatu una ukungu. Akanusa viganja vyake, akaniambia: "Katibu, humu ndani mna nyumba tatu. Moja inajua kazi, moja ina haraka ya pesa, na moja inaanika juu ya jiko."

Nilitamani ardhi ipasuke. Hiyo nyumba ya jiko naijua. Ni ya mwenyekiti wetu.

Mzigo ukarudi wote. Alisema hana muda wa kuchambua punje kwa punje, na hata angekuwa nao, harufu ya moshi haichambuliki.

Sasa kikundi kimegawanyika. Nusu wanataka tujenge banda moja, kila mtu alete kokoa mbichi siku ya kupasua, ivundikwe, yaani ilundikwe na kufunikwa ichachuke, kisha ianikwe pamoja. Nusu wanasema kila mtu avundike kwake, asiyejua afundishwe. Na hoja zao si za kijinga. Wanasema kokoa mbichi ni maji, nani atajua nimepunjwa au sijapunjwa? Wanasema kwa nini punje yangu niliyoitunza ilale sanduku moja na ya mvivu? Na kubwa kuliko zote: nikiuza kavu kwa mlanguzi napata pesa papo hapo, nikileta mbichi bandani nasubiri hadi lini?

Nauliza waliopitia. Tuvundike pamoja au kila mtu kwake? Na hii miti ya babu tunaifanyaje, maana kuna mtaalamu alipita akatushauri tuikate tupande ya kisasa.

MamaSanduku

Katibu, pole kwa aibu ya kifuniko. Sisi ilitukuta hivyo hivyo, ila kwetu ilikuwa kwenye mlango wa gari mbele ya watoto.

Jibu langu ni pamoja, na sababu ya kwanza wala si usawa, ni joto. Mwanachama wako mmoja kwa mchumo mmoja anapata kilo ngapi mbichi? Kama ni nane, kumi, kumi na tano, huyo hata umfundishe mwaka mzima hatavundika vizuri, kwa sababu rundo dogo halijitunzii joto. Kokoa haiivi kwa siku, inaiva kwa moto wake yenyewe. Siku ya kwanza hamira za hewani zinakula sukari ya ule ute mweupe, ute unayeyuka na kuchuruzika. Ukigeuza, hewa inaingia, wanakuja bakteria wa siki, na hapo ndipo joto linapanda hadi nyuzi 45, hata 50. Siki na joto ndivyo vinavyoua kiini cha mbegu, na mbegu ikishakufa ndiyo inaanza kutengeneza ndani yake vile vitu ambavyo baadaye kikaango kitavigeuza kuwa ladha ya chokoleti. Mbegu isipokufa inavyotakiwa unapata hizo za kijivu ulizoziona. Hazina ladha, zina ukakasi tu. Chini ya kilo 50 hivi joto linakimbia usiku na asubuhi unakuta rundo limepoa kama ugali wa jana.

Kwa hiyo yule mwenye haraka ya pesa labda hana haraka. Labda ana punje chache tu.

Mambo ambayo tuliyajua baada ya kuumia. Sanduku liwe la mbao isiyo na utomvu wala harufu, sentimita 60 kila upande linameza kilo 150 na ushee, chini litobolewe matundu ya kuchuja. Msipige misumari ya chuma ndani, siki inaila na kokoa inapata weusi. Tumieni vigingi vya mti. Funikeni kwa majani ya mgomba na magunia. Kupasua matunda msitumie panga lenye makali, tumieni rungu fupi la mti, kwa sababu punje iliyotobolewa ndiyo mlango wa ukungu. Pasueni wote siku moja. Tunda zima likikaa siku mbili tatu halijapasuliwa haliharibiki, likishapasuliwa hesabu saa.

Na hili lishike kuliko yote: punje nyeupe na za zambarau zisilale sanduku moja. Nyeupe zinataka siku mbili hadi tatu. Zambarau zinataka tano hadi saba. Mkizichanganya, siku ya tatu nusu ni mbichi, siku ya sita nusu zimeoza zinanuka kama viatu vya mvua.

PangaButu

Mimi nitasema lisilopendwa humu. "Kokoa ya kale" ni neno la muuza chokoleti, si la mkulima. Mkulima hali ladha, anakula kilo. Huko Ekuado kuna mti unaitwa CCN-51, aliutoa mtu mmoja anaitwa Homero Castro mwaka 1965, unazaa mpaka matawi yanalalamika na unastahimili ugonjwa wa ufagio wa mchawi uliomaliza mashamba. Wakulima wameupanda kwa maelfu ya hekta na hawakuwa wajinga. Katibu, huyo mnunuzi wako akiugua au akibadili mawazo, hiyo miti ya babu mtaiuza kwa nani? Kwa mlanguzi, kwa bei ile ile, kilo kiduchu. Mtaalamu aliyepita sioni alipokosea.

KatibuBilaPosho

PangaButu, hoja yako imesemwa kikaoni karibu neno kwa neno, na aliyesema ndiye mwenye watoto sita. Sikuwa na jibu. Nilichomwambia ni kwamba miti ipo tayari, imezeeka, haidai mbolea wala mkopo. Kuikata ni gharama, kusubiri mipya izae ni miaka mitatu au zaidi bila kitu. Tukae nayo angalau tuone ikivundikwa vizuri inaleta nini, maana mpaka leo hatujawahi kuiuza ikiwa imevundikwa vizuri. Tumekuwa tukihukumu mti kwa makosa ya rundo.

MamaSanduku, nimepima jana. Wanachama kumi na tisa kati ya walioleta hesabu wanapata chini ya kilo 12 mbichi kwa mchumo. Umenipa hoja ambayo hakuna atakayeipinga.

Ila swali jingine. Nimepasua matunda ya mti mmoja, mti mmoja jamani, wa nyuma ya nyumba ya bibi, nikakuta tunda moja lina punje nyeupe, na za zambarau mle mle. Nilidhani mti mweupe ni mweupe. Sasa nitatenganishaje?

Mbebeshaji

Katibu, hapo umegusa kitu ninachokipenda, kwa hiyo nisamehe nikirefusha.

Ganda na ute ni vya mama, yaani mti wenyewe. Lakini ile nyama ya punje ni mtoto, ina damu ya baba pia. Visubi, hao wadudu wadogo kuliko kichwa cha sindano, wanatoa chavua kwenye mti wa jirani wenye punje za zambarau wanaileta kwenye ua la mti wa bibi. Na zambarau ina nguvu kuliko weupe. Kwa hiyo punje ya zambarau ndani ya tunda la mti mweupe inakusimulia jirani yake ni nani. Tafuta, utakuta kuna miti iliyochanganyika karibu na nyumba ya bibi.

Kutoka hapo yanatoka mambo mawili. La kwanza, usipande mbegu ya mti huo ukidhani utapata mti huo. Utapata mjukuu wa mtu mwingine. Ukiutaka wenyewe, chukua vikonyo, yaani vijiti vya matawi yake, ubebeshe kwenye miche. Huo ndio mti ule ule, hata mama akianguka kesho. Tembeeni shamba kwa shamba msimu huu, mkikuta mti wenye punje nyeupe tupu na unaozaa kiasi, uvisheni kitambaa chekundu, muandike daftarini. Mkipata kama ishirini vile mna kitalu cha vikonyo. Msibebeshe kutoka mti mmoja tu, hata uwe mzuri vipi. Miti mingi ya kokoa haikubali chavua yake yenyewe, na mkijaza shamba kwa ndugu mtapata maua mengi matunda hamna. Hapo PangaButu atawacheka kwa haki.

La pili: weupe peke yake si cheti. Bahia, Brazili, kuna kokoa inaitwa Catongo, punje nyeupe pee, na si ya ukoo wa Criollo, ile kokoa ya kale inayosifika kwa punje nyeupe, hata kidogo. Ni mti wa kawaida uliopoteza rangi. Na upande wa pili kuna Nacional ya Ekuado, punje zake zina rangi, ila harufu yake ya maua imesifiwa tangu enzi za mababu wa mababu. Zamani vitabu viligawa kokoa mafungu matatu tu, Criollo, Forastero, na Trinitario iliyozaliwa kule Trinidad baada ya mashamba ya Criollo kufa mwaka 1727 na watu kuleta mbegu nyingine zikachanganyika. Mwaka 2008 Motamayor na wenzake walipima vinasaba wakapata makundi kumi, na Nacional ikapewa kundi lake. Kwa hiyo mtu asikwambie miti yenu ni fulani kwa kutazama rangi. Nchini Marekani kuna mfuko wa kuhifadhi kokoa za kale, Heirloom Cacao Preservation Fund, ulioanza 2012. Waonjaji wao wanaonja bila kuambiwa imetoka wapi, sifa inatolewa kwa ladha. Nawapenda kwa hilo. Mdomo uamue.

Kutenganisha punje moja moja kwa rangi usijaribu, utazeeka. Tenganisha kwa mti. Miti ya kitambaa chekundu kapu lake, iliyobaki kapu lake.

MamaSanduku

Nimemwelewa Mbebeshaji na nimejifunza. Sisi tulikuwa tunatenganisha kwa rangi ya ganda, na ganda halisemi kitu juu ya punje.

Narudi kwenye pesa, kwa sababu vikundi havifi kwa ladha, vinakufa kwa mizani. Lipeni mara mbili. Mwanachama akileta mbichi apate malipo ya kwanza siku hiyo hiyo, hata kama ni madogo, mzigo ukiuzwa apate ya pili kwa kilo zake. Pesa ya kwanza mwombeni mnunuzi aitangulize, kama kweli anaitaka kokoa. Akikataa hapo mtajua mapenzi yake yana kina gani. Grenada chama cha wakulima kinanunua mbichi na kuvundika kwenye vituo vyake, si jambo tulilolibuni mimi na wewe. Jamhuri ya Dominika wao kavu isiyovundikwa inaitwa Sánchez, iliyovundikwa inaitwa Hispaniola, na ushirika wa CONACADO ulioanzishwa 1988 ulijengeka juu ya tofauti hiyo hiyo. Kokoa ni ya miti ile ile, majina mawili, bei mbili.

Na suala la maji. Huyu anachuja, yule analeta inaelea. Tuligombana mpaka mtu alitupa ndoo. Dawa yake ni hii: mfuko wa nyavu unaning'inizwa dakika 20 kabla ya kupima, wa kila mtu, hata wa mwenyekiti, na saa ya ukutani iwepo. Kilo 100 zilizochujwa hivyo zitakupa kavu 35 hadi 40. Andikeni hesabu hiyo ukutani kwa chaki mtu asije kudhani kilo zake zililiwa na panya.

Kuanika, siku ya kwanza msikimbize. Jua kali la ghafla linafunga ganda, siki inabaki ndani. Tandazeni nene kwanza, mgeuze mara kwa mara, kisha nyembamba. Hadi unyevu wa asilimia saba. Kama hamna kipimo, kamata konzi ukaze, ziseme kwa sauti. Huko Chuao, Venezuela, wanaanika uwanja wa mbele ya kanisa, kokoa yao inajulikana dunia nzima na hawana mtambo. Ila hawawashi moto chini yake. Mwambieni mwenyekiti.

PangaButu

Hiyo ya malipo mara mbili sina la kusema, ni nzuri hata kwa CCN-51. Kama mnunuzi atatanguliza pesa nitafuta nusu ya maneno yangu. Nusu tu.

KatibuBilaPosho

Wakuu, nimerudi baada ya wiki sita. Nilisema nitaleta mrejesho, huu hapa.

Mnunuzi alitanguliza. Haikuwa yote tuliyoomba, ilikuwa ya sanduku moja. Tukajenga mawili kwa mbao za mjenzi wa mitumbwi, vigingi vya mti, hakuna msumari. Siku ya kupasua walikuja wanachama 23. Wengine walisema wanatazama kwanza.

Tulining'iniza nyavu. Saa ya ukutani hatuna, tulitumia simu ya mhazini, na kila dakika tano kuna mtu anaomba aione. Jumla kilo 168. Za kitambaa chekundu zilikuwa 62, nilikuwa na hofu hazitashika joto, tukalizungushia sanduku magunia tabaka mbili na majani ya mgomba juu. Za mchanganyiko 106.

Usiku wa kwanza nililala bandani, sijui kwa nini, kwani lingekimbia? Asubuhi nikaingiza mkono. Vuguvugu tu, inanuka kama pombe ya ndizi changa. Baada ya saa 40 kipimajoto kilisema 41. Tukageuza, na jioni yake kikasema 47, na harufu imebadilika, siki inapiga puani mpaka machozi. Wazee walicheka. Mmoja akasema miaka yake yote hajawahi kusikia kokoa yake ikinuka hivyo. Nyeupe tulizitoa siku ya tatu asubuhi, za mchanganyiko siku ya sita.

Kavu zilitoka kilo 63. Nilipiga hesabu ukutani kwa chaki mbele yao, asilimia 37 na nusu, wakanyamaza. Nikapasua punje 50 kutoka kila fungu kwenye kifuniko kile kile cha ndoo. Kwenye mchanganyiko zilikuwa tano za kijivu. Kwenye nyeupe, mbili hazikuiva. MamaSanduku, kwa nyeupe nilipata shida, hazina zambarau ya kupotea kwa hiyo rangi hainisaidii, nilitazama nyufa na kunusa. Kama kuna njia bora niambie. Mnunuzi amechukua zote mbili kwa bei tofauti na malipo ya pili yametoka wiki iliyopita. Wale waliotazama kwanza wamenipigia simu wote ndani ya siku moja.

Mwenyekiti hakuleta kitu. Alikuja, akakaa kwenye kigoda karibu na mizani kutwa nzima, akiwahesabia watu dakika 20 bila kuangalia simu, na nilipolinganisha hakukosea hata mara moja. Siku ya kuanika alinivuta pembeni akaniuliza, uchaga wake wa jikoni autumie kukaushia nini sasa. Nikamwambia mahindi. Safari ijayo amesema analeta, na mti wake wa karibu na kisima umevaa kitambaa chekundu. Alikifunga mwenyewe.

Mbebeshaji, tumeshapata miti 14, ishirini bado. Miche ya kubebeshea iko kwenye viriba, ina majani sita sita. Ni mapema mno au tuanze?

Na PangaButu, mwenye watoto sita amepanda miti ya kisasa upande wa chini wa shamba lake, kama hatua mia kutoka mti wa bibi. Sikumkataza. Ila sasa visubi ndio wananinyima usingizi.

Mwisho kabisa: yale maji yanayochuruzika chini ya sanduku yameita nyuki, kundi zima, na sasa watoto hawataki kusogea bandani. Mmewafanyaje wenu? Naomba kuwasilisha.